Fahamu Jinsi Mabadiliko ya Ushuru wa Forodha Yanavyowagusa Wafanyabiashara wa Karagwe na Kyerwa

Kila mwaka ifikapo tarehe 1 Julai, siku ya kwanza ya mwaka wa fedha wa Serikali, viwango vya ushuru wa forodha kwa baadhi ya bidhaa zinazoingia nchini hubadilika. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, siku hiyo huangukia ndani ya msimu wa kahawa. Wakulima wanakuwa wameanza kulipwa, na maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kayanga, Omurushaka na Nkwenda yanakuwa yakitarajia wateja. Hivyo, mabadiliko yanayosomwa bungeni jijini Dodoma mwezi Juni huwakuta wananchi wa wilaya hizi wakati uleule ambao fedha iko mikononi mwao, na wengi huyatambua kwa mara ya kwanza dukani, bei ya bidhaa inapokuwa si ile ya wiki iliyopita.

Swali linaloulizwa zaidi kuhusu ushuru wa forodha ni hili: bidhaa hii inatozwa asilimia ngapi? Kwa mfanyabiashara wa mpakani, lipo swali linalotangulia hilo, nalo ni bidhaa hii imetengenezwa au imezalishwa wapi. Mabati mawili yanayofanana kwa rangi, unene na urefu, yote yakiwa yamenunuliwa katika duka moja upande wa Uganda, yanaweza kutozwa ushuru tofauti kabisa yanapovuka Mto Kagera, kwa sababu moja limezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na jingine limepitia tu. Njia iliyotumiwa na bidhaa haiipi nafuu yoyote. Nafuu hutokana na uasili wake, na uasili huo sharti uthibitishwe kwa nyaraka.

Viwango vinavyotumika na vilikotoka

Biashara ya eneo hili ni kongwe kuliko mipaka yenyewe. Katika karne ya 19, Kafuro, iliyokuwa ndani ya himaya ya Karagwe, ilikuwa kituo cha wafanyabiashara waliotoka pwani, na wasafiri waliofika kwa Mtawala Rumanyika mwaka 1861 walikuta bidhaa za mbali zikibadilishwa kwa pembe za ndovu. Utaratibu wa forodha unaotumika leo ni wa karibuni zaidi. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisainiwa tarehe 2 Machi 2004 na kuanza kutumika Januari 2005 kwa Kenya, Tanzania na Uganda. Rwanda na Burundi ziliingia katika umoja huo mwaka 2009. Utekelezaji wake unasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo nchini Tanzania hutekelezwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA.

Msingi wa umoja huo una pande mbili. Kwanza, bidhaa zenye uasili wa nchi wanachama hazitozwi ushuru wa forodha zinapovuka mpaka wa ndani ya Jumuiya. Pili, bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya hutozwa kiwango kilekile cha pamoja, iwe zimeingilia Dar es Salaam, Tanga au Mombasa.

Viwango vya pamoja vilianza na ngazi tatu: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa ambazo bado zinahitaji kusindikwa, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Kuanzia tarehe 1 Julai 2022 iliongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35, baada ya majadiliano ya muda mrefu baina ya nchi wanachama. Ngazi hiyo inahusu bidhaa ambazo Jumuiya inaona zinaweza kuzalishwa kwa wingi ndani yake, miongoni mwake samani, nguo, bidhaa za ngozi, mafuta ya kula, baadhi ya bidhaa za chuma, vyombo vya udongo, rangi, maziwa na nyama.

Juu ya ngazi hizo ipo orodha ya bidhaa nyeti. Mchele kutoka nje ya Jumuiya hutozwa asilimia 75 au dola za Marekani 345 kwa tani, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa. Sukari hutozwa asilimia 100 au dola 460 kwa tani kwa utaratibu huohuo. Maneno hayo ya “au” yana uzito mkubwa. Bei ya bidhaa inaposhuka katika soko la dunia, asilimia huzaa ushuru mdogo, lakini kiwango cha dola kwa tani hakishuki. Mwagizaji anayedhani kwamba mchele wa bei ya chini utamletea ushuru mdogo hugundua vinginevyo mzigo unapofika.

Ongezeko la asilimia 10 lina uzito gani dukani

Ushuru wa forodha hukokotolewa kwa thamani ya bidhaa ikijumuisha gharama za bima na usafirishaji hadi inapoingilia nchini. Baada ya hapo, Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya jumla ya thamani hiyo na ushuru uliokwisha kuongezwa. Kwa maneno mengine, kodi ya pili huitoza pia ile ya kwanza.

Tuchukue mzigo wenye thamani ya forodha ya shilingi 10,000,000 unaoagizwa kutoka nje ya Jumuiya na mwenye duka wa Kayanga. Kwa kiwango cha asilimia 25, ushuru ni shilingi 2,500,000, na Kodi ya Ongezeko la Thamani juu ya shilingi 12,500,000 ni shilingi 2,250,000. Jumla ya kodi hizo mbili ni shilingi 4,750,000. Bidhaa hiyo ikihamishiwa ngazi ya asilimia 35, ushuru unakuwa shilingi 3,500,000, na Kodi ya Ongezeko la Thamani inakuwa shilingi 2,430,000, jumla shilingi 5,930,000. Ongezeko lililotangazwa ni la asilimia 10, lakini gharama imepanda kwa shilingi 1,180,000, sawa na asilimia 11.8 ya thamani ya mzigo. Ikiwa mzigo huo una vipande 500, kila kipande kimepanda kwa shilingi 2,360 kabla ya kuhesabu tozo nyingine za forodha, ikiwemo ile ya maendeleo ya reli, pamoja na nauli ya barabara inayozidi kilomita 1,300 kutoka bandarini hadi Kagera.

Mzigo wa thamani ileile wenye uasili wa Jumuiya hautozwi ushuru wa forodha. Hubaki Kodi ya Ongezeko la Thamani ya shilingi 1,800,000. Tofauti kati ya mzigo huu na ule wa asilimia 35 ni shilingi 4,130,000. Hapo ndipo kinapoonekana kitu ambacho ramani pekee haikionyeshi: kila kiwango cha pamoja kinapopandishwa, maduka ya Kyerwa husogea karibu zaidi na viwanda vya Uganda, na vya Tanzania pia, na kujitenga na meli zinazotia nanga Dar es Salaam. Kwa mfanyabiashara wa Mbeya au Lindi mabadiliko yaleyale hayana sura hiyo.

Kodi ya Ongezeko la Thamani haiwagusi wote kwa usawa. Mfanyabiashara aliyesajiliwa katika kodi hiyo huirejesha kupitia mauzo yake. Kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kusajiliwa kilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi milioni 100 hadi shilingi milioni 200 kwa mwaka, na maduka mengi ya vijijini yako chini ya kiwango hicho. Mwenye duka wa namna hiyo anapoagiza mwenyewe, kodi aliyolipa mpakani huwa sehemu ya gharama yake na huishia katika bei anayolipa mlaji.

Lipo badiliko lingine ambalo halitangazwi na mamlaka yoyote ya ushuru. Thamani ya mzigo ulionunuliwa kwa dola hubadilishwa kuwa shilingi kwa kiwango kinachotumika forodhani wakati huo. Shilingi inaposhuka, ushuru wa asilimia 25 hubaki asilimia 25, lakini kiasi cha shilingi kinachodaiwa hupanda. Wafanyabiashara waliokwisha kupanga fedha za ushuru kwa hesabu ya miezi mitatu nyuma hujikuta wakipungukiwa bila ya sheria yoyote kubadilika.

Kinachotokea kati ya Mei na Julai

Mawaziri wa fedha wa nchi wanachama hukutana kabla ya bajeti kujadili maombi ya kila nchi. Nchi inaweza kuomba kutumia, kwa mwaka mmoja, kiwango tofauti na kile cha pamoja kwa bidhaa fulani: kikubwa zaidi ili kulinda wazalishaji wake, au kidogo zaidi ili kupunguza gharama kwa viwanda na walaji. Inaweza pia kuomba unafuu wa ushuru kwa malighafi za viwanda vilivyoorodheshwa. Makubaliano hayo husomwa katika hotuba ya bajeti mwezi Juni na kuchapishwa katika Gazeti la Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Ndiyo maana hotuba za bajeti zina sentensi nyingi zinazoishia na maneno “kwa kipindi cha mwaka mmoja”. Maneno hayo si ya urembo. Kiwango kilichotolewa kwa mwaka mmoja hukoma usiku wa tarehe 30 Juni isipokuwa kimehuishwa, na bidhaa hurudi katika kiwango cha pamoja hata kama hakuna aliyetangaza ongezeko. Mfanyabiashara anayesubiri kusikia neno “kupandisha” anaweza kupandishiwa bila kulisikia.

Jambo lingine ni tarehe inayohesabika. Kwa mujibu wa sheria ya forodha, kiwango kinachotozwa ni kile kinachotumika siku bidhaa zinapoingizwa rasmi kwa matumizi ya ndani. Siku ya kuagiza, kulipia au kupakia melini haihesabiki. Mzigo ulioagizwa Aprili kwa matumaini ya asilimia 25, ukawasilishwa forodhani Julai wakati kiwango kimekuwa asilimia 35, hulipa asilimia 35. Vivyo hivyo kwa bidhaa zilizohifadhiwa katika maghala ya forodha: zinapotolewa kwa ajili ya soko la ndani, hulipa kiwango cha siku hiyo. Kwa biashara kubwa hili ni suala la mpango. Kwa kikundi cha wenye maduka watatu au wanne waliochangishana kuagiza kontena moja, linaweza kuamua kama mwaka ule una faida au hasara.

Kiwango maalumu kilichotolewa kwa nchi moja kina athari pia kwa jirani zake. Bidhaa iliyotengenezwa katika nchi mwanachama kwa malighafi iliyopata unafuu uliotolewa kwa nchi hiyo pekee hainufaiki na msamaha wa ushuru inapouzwa katika nchi nyingine ya Jumuiya. Hutozwa kiwango cha pamoja. Matokeo yake, bidhaa yenye nembo ileile kutoka kiwanda kilekile inaweza kuingia bila ushuru mwaka huu na kutozwa mwakani, na aliyeizoea kwa miaka mingi akadhani ameonewa. Kabla ya kutoa oda kubwa, inafaa kumtaka muuzaji athibitishe kwamba bidhaa bado inastahili cheti cha uasili.

Murongo, Mutukula na cheti cha uasili

Wilaya ya Kyerwa, iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa kuimega Karagwe, inapakana na Uganda na Rwanda, na kwa sehemu kubwa mpaka huo ni Mto Kagera. Kituo cha Murongo kinatazamana na Kikagati ya Wilaya ya Isingiro. Wafanyabiashara wa Karagwe wenye mizigo mikubwa hutumia pia barabara ya Bugene hadi Kyaka na kuelekea Mutukula wilayani Missenyi, ambako Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani kilizinduliwa Novemba 2017. Katika kituo cha namna hiyo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na mzigo hukaguliwa mara moja badala ya mbili.

Kwa wafanyabiashara wadogo upo utaratibu uliorahisishwa. Mtu mwenye bidhaa zenye thamani isiyozidi dola za Marekani 2,000, zilizo katika orodha iliyokubaliwa na zenye uasili wa Jumuiya, anaweza kupatiwa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani. Kiasi hicho kinawatosha wengi wa wanaovusha maharage, ndizi, sabuni au vyombo vya plastiki. Mazao yaliyolimwa na kuvunwa ndani ya Jumuiya hayana shida ya kuthibitishwa, kwa kuwa yamezalishwa humo kwa ukamilifu. Ugumu huanzia kwenye bidhaa za viwandani, ambazo hupimwa kwa kanuni za uasili za mwaka 2015: malighafi ilitoka wapi, imebadilishwa kwa kiwango gani, na thamani kiasi gani imeongezwa ndani ya Jumuiya. Kubadilisha mfuko au kubandika nembo mpya hakubadilishi uasili.

Sukari ni mfano ambao umewaponza wengi. Mfanyabiashara husikia kwamba biashara ndani ya Jumuiya haina ushuru, kisha huvuka na mifuko ya sukari bila nyaraka. Uingizaji wa sukari nchini unahitaji kibali cha Bodi ya Sukari. Zaidi ya hapo, sukari isiyothibitishwa kuwa imezalishwa ndani ya Jumuiya huchukuliwa kuwa ya nje, na kiwango chake kimekwishatajwa hapo juu. Mzigo uliokusudiwa kuleta faida ya shilingi laki chache hugeuka kuwa kesi.

Ushuru wa asilimia 0 hauondoi masharti mengine. Vibali vya afya ya mimea na uhakiki wa viwango vya ubora huendelea kudaiwa. Machi 2021 mahindi ya Tanzania na Uganda yalizuiwa kuingia Kenya kwa sababu ya sumukuvu, kabla ya zuio hilo kuondolewa kwa masharti. Kiwango cha ushuru hakikubadilika hata kidogo, lakini malori yalisimama.

Kahawa: ushuru ni sifuri, mbona ni kosa?

Hili ni swali linaloulizwa na wakulima wa pande zote mbili za mpaka, na linastahili jibu la wazi. Kahawa ya Karagwe ni zao lenye uasili wa Jumuiya. Ikiwa bidhaa za Jumuiya hazitozwi ushuru, kwa nini mkulima wa Kyerwa anayevusha magunia yake usiku kwenda Uganda ahesabiwe kuwa mfanya magendo?

Jibu ni kwamba kosa hilo halitokani na ushuru wa forodha. Biashara ya kahawa nchini inasimamiwa na Sheria ya Sekta ya Kahawa ya mwaka 2001 kupitia Bodi ya Kahawa Tanzania, na kahawa husafirishwa nje na wenye leseni baada ya kuuzwa kwa njia zinazotambuliwa. Katika wilaya hizi mbili, mkulima hupeleka kahawa yake katika chama cha msingi, na vyama vya msingi hukutana chini ya chama kikuu, KDCU. Katika misimu ya karibuni minada imekuwa ikifanyika ndani ya mkoa, mbele ya wakulima wenyewe. Kahawa inayovushwa kwa njia za panya hukwepa pia ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao kwa mazao ya biashara ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3.

Ikumbukwe kwamba magendo ya kahawa yalikuwa na sababu zake. Bei upande wa pili ilipokuwa nzuri zaidi na malipo ya papo kwa papo, mkulima mwenye mtoto wa kupeleka shule alikuwa na hesabu rahisi ya kufanya. Butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado maua shambani kwa bei ya kutupa, ilishamiri katika uhitaji huohuo na imepigwa marufuku. Makatazo peke yake hayakutosha; tofauti ya bei kati ya pande mbili inapopungua, sababu ya kuvuka usiku hupungua nayo.

Kahawa iliyovushwa kimagendo hupoteza kitu kingine ambacho mkulima hakioni siku hiyo. Hupoteza uasili wake wa Tanzania, na katika miaka ya karibuni uasili huo umekuwa na bei.

Masoko ya mbali yanapobadilisha viwango

Aprili 2025 Serikali ya Marekani ilitangaza ushuru wa nyongeza kwa bidhaa kutoka karibu nchi zote duniani. Bidhaa za Tanzania ziliwekewa asilimia 10. Agosti mwaka huo Uganda ilipandishwa hadi asilimia 15, na bidhaa nyingi za Brazili, nchi inayoongoza duniani kwa kuzalisha kahawa, zikafikishwa asilimia 50. Kabla ya hapo kahawa ilikuwa ikiingia Marekani bila ushuru, iwe ghafi au iliyokaangwa. Novemba 2025 kahawa iliondolewa katika ushuru huo wa nyongeza, kwanza kwa nchi nyingi na siku chache baadaye kwa Brazili pia.

Ndani ya miezi minane, kwa hiyo, kahawa ya robusta kutoka kilima kimoja cha Kyerwa ingeweza kukutana na viwango vitatu tofauti kutegemea mwezi iliofika na nchi iliyoandikwa kwenye hati yake. Iliyouzwa kwa njia rasmi kama ya Tanzania ingelipiwa asilimia 10 mwezi Septemba. Iliyovuka mto na kusafirishwa kama ya Uganda ingelipiwa asilimia 15. Iliyofika mwishoni mwa Novemba isingelipiwa chochote.

Ushuru wa aina hiyo hulipwa na mwagizaji wa nchi inayopokea. Muuzaji wa Tanzania hapelekewi ankara yoyote. Hata hivyo mwagizaji naye hutafuta mahali pa kuuhamishia. Huweza kumpandishia mnywaji bei, kupunguza faida yake, au kumwambia muuzaji apunguze. Nani atakayeubeba hutegemea nani ana haraka zaidi ya kuuza au kununua. Mkulima aliye mwisho wa mnyororo huo, asiye na ghala wala mkopo wa kumwezesha kusubiri, ndiye mwenye nafasi ndogo kuliko wote ya kukataa. Kukusanya kahawa pamoja na kuiuza mnadani humwongezea nafasi hiyo.

Ushuru usipewe lawama au sifa zisizo zake. Bei ya robusta katika soko la London ilipita dola 5,000 kwa tani mwaka 2024, na sababu kubwa ilikuwa ukame nchini Vietnam, mzalishaji mkuu wa aina hiyo ya kahawa. Kwa mkulima wa Karagwe, mvua isiyonyesha katika nyanda za juu za Vietnam ilikuwa na nguvu kuliko kiwango chochote cha forodha kilichotangazwa mwaka ule.

Katika Umoja wa Ulaya, kahawa ghafi haina ushuru kwa nchi yoyote, lakini kahawa iliyokaangwa hutozwa asilimia 7.5 kwa nchi zisizo na upendeleo maalumu. Mpangilio wa namna hiyo, wa ushuru kupanda kadiri bidhaa inavyosindikwa, ni mojawapo ya sababu zilizozifanya nchi nyingi zinazolima kahawa zibaki kuuza punje. Tanzania haiguswi na kiwango hicho. Ikiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo madogo, bidhaa zake zote isipokuwa silaha zimekuwa zikiruhusiwa kuingia Ulaya bila ushuru tangu mwaka 2001. China nayo iliondoa ushuru kwa bidhaa zote za nchi za kundi hilo kuanzia tarehe 1 Desemba 2024. Mkoa wa Kagera una kiwanda cha TANICA mjini Bukoba kinachotengeneza kahawa ya kuyeyuka papo hapo, na vyama vya ushirika vya mkoa ni miongoni mwa wanahisa wake, kwa hiyo fursa hiyo si ya kufikirika. Upendeleo huo si wa kudumu: nchi inapoondolewa katika kundi hilo, Umoja wa Ulaya huipa kipindi cha mpito cha miaka mitatu.

Sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu bidhaa zisizotokana na ukataji wa misitu, ambayo tarehe za kuanza kwake zimesogezwa zaidi ya mara moja, inadai taarifa za mahali lilipo shamba ambalo kahawa imevunwa. Hiyo si sheria ya ushuru, lakini inaelekea kulekule: mzigo usioweza kueleza ulikotoka hupoteza soko. Wachimbaji wa bati wa Kyerwa walikwisha kulizoea jambo hili. Madini yao husafirishwa nje kwa cheti cha Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu kinachothibitisha asili yake, na bila cheti hicho wanunuzi wakubwa hawayagusi.

Mfanyabiashara akiwa na shaka au malalamiko

Sheria ya forodha inatoa nafasi ya kuomba uamuzi wa mapema kabla ya kuagiza. Mfanyabiashara huandika kwa Kamishna akieleza bidhaa anayotarajia kuingiza, naye hupewa jibu la maandishi kuhusu kundi la ushuru inakoangukia, uasili wake au namna thamani yake itakavyokokotolewa. Jibu hilo huifunga mamlaka kwa kadiri maelezo yaliyotolewa ni ya kweli. Utaratibu huu hutumiwa na wachache, ingawa ndio unaomwondolea mwenye mtaji mdogo hatari ya kukuta kiwango asichokitarajia.

Asiyeridhika na uamuzi wa forodha, iwe kuhusu kiwango, thamani au kukataliwa kwa cheti, anaweza kuomba mapitio kwa Kamishna ndani ya siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa. Kamishna hutakiwa kujibu ndani ya siku 30. Hatua inayofuata ni rufaa mbele ya Bodi ya Rufani za Kodi, ndani ya siku 45. Siku 30 za kuomba mapitio huhesabiwa tangu tarehe ya uamuzi, na siku 45 za rufaa huhesabiwa tangu mhusika alipopewa uamuzi wa Kamishna, kwa hiyo hati ya madai ya ushuru, cheti kilichokataliwa na stakabadhi za malipo zitunzwe tangu siku ya kwanza.